Valvu ya Kushoto

3 Oktoba

Leo ni Jumanne, tarehe tatu Oktoba, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke kwetu. Naanza kuandika kwa sababu jana simu ililia, na mtu asiyenijua akaniita kwa jina la bendi.

Alikuwa kijana, mwenye sauti ya haraka. Anasema ule ukumbi wetu wa zamani utafunguliwa tena mvua zikiisha. Wameupaka rangi, wametafuta santuri zetu, wamezisikiliza. Wanataka twende tukapige mara moja tu. Watagharamia safari ya watu watatu. "Mmebaki wangapi, mzee?" Nikamwambia wanne. Akasema wa nne watampata huko huko, kijana wa kujazia pengo. Nani abaki, tuamue wenyewe. Alipokuwa ananiaga akaongeza: "Na ile amplifaya ya besi, kama bado ipo, njooni nayo. Besi ile ndiyo watu wanayoiulizia."

Mvua ya kwanza ya msimu ilianza nikiwa bado nimeshika simu.

Amplifaya ipo. Iko chumba cha nyuma cha duka la kinyozi, chini ya turubai. Ni sanduku la mbao lililovishwa ngozi bandia, zito kama mtoto wa miaka kumi aliyekataa kuamka. Ndani haina vidude vya kisasa. Ina valvu, vioo vidogo vinavyofanana na balbu, ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo sauti ije. Ilitoka kwetu begani kwa shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Yeye ndiye mpiga ngoma wetu. Ngoma zake aliziacha mpakani.

7 Oktoba

Mazoezi. Tumekaa kwenye viti vya kunyolea, tukazungushana kama watoto. Kinyozi anapiga gitaa la solo, na kwa kuwa duka ni lake, ndiye anayeamua nani apate chai. Mwimbaji wetu tunamwita Kasuku tangu ujana. Hakuna neno unalosema asilirudie, na akilirudia linakuwa tamu kuliko lilivyotoka kwako.

Niliwaeleza habari ya simu. Nani abaki?

"Wewe ndiye mkuu," akasema Kinyozi. "Amua."

"Amua, mkuu," akasema Kasuku.

Shemeji alikuwa anakunja taulo za duka. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, na mpaka leo hawezi kuona kitambaa kimelala ovyo. Anakikunja mara nne. Alisema tu, "Tupige kwanza."

Tukapiga. Besi yangu ilitoka kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Nilisikitika. Ile siyo sauti ya kwetu. Sauti ya kwetu ilikuwa inaingia tumboni kabla haijafika sikioni. Siwezi kurudi kwa watu na blanketi.

11 Oktoba

Nilikuwa karani wa maktaba miaka mingi katika nchi hii, na bado wananiachia kadi. Nimesoma kitabu kizima kuhusu valvu. Kinasema ile ya kwanza, inayopokea mtetemo wa nyuzi kabla ya nyingine zote, ndiyo yenye usemi mkubwa katika sauti. Ukiweka yenye nguvu kubwa, besi inakwaruza. Ukiweka yenye nguvu ndogo, inatulia na kwenda chini. Binti yangu ameniagizia tatu za aina tofauti kwenye mtandao. "Baba, huna habari kwamba siku hizi kuna amplifaya ndogo kama mkate?" Nikamwambia nina habari.

14 Oktoba

Mvua. Chumba cha kinyozi kinavuja. Hakuna mazoezi.

19 Oktoba

Valvu zimefika, zimefungwa kwa pamba kama mayai. Nimeenda dukani peke yangu asubuhi.

Nilichomoa waya wa umeme nikasubiri, maana kitabu kinaonya kwamba mashine hizi huweka umeme tumboni hata baada ya kuzimwa. Kisha nikazunguka nyuma, nikafungua ubao. Valvu kubwa zimesimama upande mmoja. Ndogo mbili za mwanzo zimekaa pamoja, kila moja chini ya kofia yake ya bati, kwa sababu amplifaya hii ina njia mbili: tundu la besi, na tundu la maikrofoni ambalo halijatumika tangu Kasuku anunue mashine yake. Tundu la besi liko kushoto. Kwa hiyo nikatoa kofia ya kushoto, nikaichomoa valvu taratibu, nikaipachika mpya yenye nguvu ndogo. Nikarudisha kofia. Nikawasha, nikasubiri ipate moto.

Nikapiga uzi mmoja. Naandika hili mkono ukiwa bado na furaha: blanketi limetoka.

21 Oktoba

Nimewasikilizisha wenzangu. "Mnasikia?"

Kinyozi alifumba macho. "Eh. Hiyo ndiyo. Kama mtu amefungua dirisha."

"Amefungua dirisha kabisa," akasema Kasuku.

Shemeji alikaa na fimbo zake magotini. "Mimi naona ni ile ile."

"Sikiliza tena."

Nikapiga tena. Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa bidii, namsifu kwa hilo. "Ni ile ile, shemeji. Samahani."

28 Oktoba

Nimebadilisha tena, nikaweka valvu ya tatu, iliyotoka kiwanda ambacho kilifungwa zamani. Hii imepita zote. Sauti imekuwa ya mviringo, ina kivuli. Kinyozi amesema alikuwa anaona sakafu ya ukumbi. Kasuku amesema ameona sakafu na viatu.

Shemeji: "Hakuna kilichobadilika."

Nilichoka naye. Nikasema, "Shemeji, masikio nayo uliyaacha mpakani pamoja na ngoma?"

Tulicheka sana. Kinyozi alilazimika kuweka gitaa chini. Shemeji naye alicheka, na baada ya hapo akachukua taulo lililokuwa kavu na limeshakunjwa, akalikunjua, akalikunja upya.

31 Oktoba

Mvua siku nzima. Nimefikiri. Mpiga ngoma asiyesikia tofauti kubwa kama ile, atatupotosha mbele za watu. Na kijana wa kupiga ngoma ndiye mtu rahisi zaidi kumpata huko. Si chuki. Ni kazi.

4 Novemba

Nilikwenda kwa shemeji mwenyewe, sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Wanakaa ghorofa ya pili, chumba na sebule, na kila kitu ndani kimekunjwa. Mkewe alikuwa sokoni. Alinipa kiti chenye mto.

Nikamwambia. Nilitumia maneno mengi, kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba zaidi ya inavyohitajika. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Ni sababu ya kusikia?"

"Ndiyo, shemeji. Umri. Hata mimi macho yangu..."

"Sikujua kama yamefika huko," akasema. Alishika sikio lake la kulia, halafu la kushoto, kama anayehakikisha kwamba yako mahali pake. "Mtu mwenyewe hawezi kujua, eti?"

"Hawezi."

"Basi sawa. Mtanisalimia watu." Alinisindikiza mpaka chini, akanishikia mwavuli mpaka kituoni, yeye mwenyewe nusu ya bega nje.

Nimerudi nikijisikia mtu mwenye msimamo.

5 Novemba

Mvua.

11 Novemba

Tumefanya mazoezi watatu. Kinyozi amepiga kisigino cha kiatu sakafuni badala ya ngoma. Valvu inaimba.

15 Novemba

Nimekutana na mke wa shemeji duka la dawa. Ni mwanamke wa utani, hajawahi kunisalimia bila kunirushia kitu kwanza. Leo hakurusha.

"Umemwambia nini ndugu yako?" aliniuliza.

"Kuhusu nini?"

"Siku hizi anaongea kwa sauti kubwa kama anaongea na watu wa ng'ambo ya mto. Redio ameiweka begani. Simu hapokei, anasema atasikia vibaya atajibu vibaya. Barabara havuki mpaka nimshike mkono. Mimi namwambia, mzee, mbona jana umenisikia nikinong'ona na jirani habari za mto wako wa kulalia unaonuka? Anasema hiyo ni bahati. Anasema wewe ndiye ulimwambia, na wewe unajua sauti."

Nikasema umri ni kitu kigumu.

"Umri," akasema. Akachukua dawa zake akaondoka. Akageuka mlangoni. "Hata mezani hapigi tena vidole. Miaka yote nimemgombeza aache. Sasa nyumba imekuwa kimya, sijui niseme nini."

21 Novemba

Lazima niandike hili kwa utaratibu, la sivyo nitalipamba.

Asubuhi nilikwenda dukani. Unyevu umezidi, nikaona heri nisafishe miguu ya valvu. Nilizima, nikasubiri, nikazunguka nyuma, nikatoa kofia ya bati, nikachomoa valvu ya kushoto. Nilikuwa naifuta kwa kitambaa binti yangu alipopiga simu kuuliza kama nimebeba koti. Sikuwa na mahali pa kuweka valvu, nikaitia mfuko wa shati. Nikaongea naye. Nikamaliza. Nikarudisha kofia ya bati kwa mazoea, nikafunga ubao, nikawasha, nikasubiri ipate moto.

Nikapiga. Sijapiga vizuri namna ile kwa miaka. Sauti ilikuwa imesafika kwa sababu ya kule kufuta miguu, nikajipongeza. Nilipiga nyimbo zetu zote za upande wa kwanza wa santuri ya pili. Kuna mahali nilitokwa na machozi. Nikajiambia: hii ndiyo, hii ndiyo kwetu, wataisikia wajue kwamba hatukusahau.

Kisha nikatafuta miwani mfukoni, nikatoa valvu.

Nilikaa nayo kiganjani. Ilikuwa baridi kabisa.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikazima, nikasubiri kama kitabu kinavyotaka, nikafungua nyuma, nikainua kofia. Chini yake palikuwa na tundu tupu. Nilipachika, nikapiga. Nikachomoa, nikapiga. Hakuna tofauti. Hakuna hata chembe.

Nilichelewa sana kuelewa, na jambo lenyewe ni la mtoto wa shule. Tundu la besi liko kushoto ukisimama mbele. Mimi nilizunguka nyuma. Ukizunguka nyuma, kushoto kunakuwa kulia. Wiki zote hizi nimekuwa nikibadilisha valvu ya maikrofoni, njia ambayo hakuna waya hata mmoja unaoingia. Valvu ya besi ni ile ile niliyotoka nayo nyumbani. Haijaguswa. Blanketi halikutoka. Dirisha halikufunguliwa. Sakafu, viatu, kivuli, vyote tulivitia wenyewe.

Mtu mmoja tu alisema ukweli chumbani mle, na aliusema mara tatu, na mara ya tatu nilimcheka.

22 Novemba

Sikutoka.

23 Novemba

Mvua. Nilivaa viatu niende kwa shemeji. Nikavivua.

24 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo huenda ni baya kuliko yote, maana nilikuwa na akili timamu. Nilijiambia hakuna anayejua. Naweza kuweka valvu nzuri mahali pake panapostahili, sauti ibadilike kweli, nami niwe sijakosea sana. Nilikosea upande tu. Kumkatalia shemeji kungebaki kama kulivyo, na umri ni umri.

Nikaenda dukani, nikachomoa ya kulia, ile ya kweli, nikaweka yenye nguvu ndogo. Nikapiga.

Imebadilika. Imekuwa laini mno. Ile punje ya mchanga iliyokuwa katika sauti imepotea. Niliyokuwa naita blanketi, sasa naona, ndiyo ilikuwa sauti yetu tangu mwanzo. Ni mimi niliyeikuza kichwani miaka yote mpaka yenyewe ikaonekana mgonjwa.

Niliiacha hivyo hivyo. Kesho ni mazoezi. Sitasema neno.

25 Novemba

Tulipiga watatu. Nilimtazama Kinyozi. Nilimtazama Kasuku. Walipiga nyimbo mbili nzima na hakuna aliyeinua kichwa. Kinyozi aliuliza kama chai imepoa.

Katikati ya wimbo wa tatu mlango ulifunguliwa, akaingia shemeji na mwavuli, mkewe nyuma yake amemshika kiwiko. Amekuja kuchukua kigoda chake cha kupigia ngoma, alisema, na aliyasema kwa sauti kubwa mpaka mteja wa mbele akageuka na povu lake. Tuliendelea kupiga kwa aibu, hakuna aliyejua la kufanya. Alikiinua kigoda. Alifika mlangoni. Akasimama.

"Shemeji," akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "leo umebadilisha kitu."

Vidole vyangu vilisimama juu ya nyuzi.

"Imekuwa laini," akasema. "Haina kile... kile kikwaruzo cha chini. Au ni masikio yangu?"

"Sisi hatujasikia kitu," akasema Kinyozi kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukaa.

"Hatujasikia," akasema Kasuku.

Nilitamani kweli kukaa kimya. Nataka iandikwe hapa kwamba nilitamani. Lakini mkewe alikuwa amemshika kiwiko, na sikuweza kuuangalia ule mkono.

Nikawaambia. Nikageuza amplifaya nikawaonyesha tundu la kushoto na la kulia. Nikawaambia habari ya mfuko wa shati. Niliwaambia na ya jana pia. Hakuna aliyenikatiza.

Kinyozi ndiye aliyeanza. "Kwani sisi tulisikia nini, basi?"

"Sijui. Niambieni nyinyi."

Akakuna shingo. "Kaka, ulikuwa unatuuliza na uso ule. Mtu na miaka yake, ametafuta, ameagiza, amefungua mashine... Nimwambie sisikii?"

"Uso ule," akasema Kasuku. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongeza neno lake mwenyewe. "Na mimi nilitaka iwe kweli."

Shemeji aliweka kigoda chini. "Kwa hiyo nasikia."

"Unasikia kuliko sisi sote."

"Basi mwambie huyu aniachie mkono. Wiki ya tatu hii navushwa barabara kama mbuzi."

Mkewe akamwachia, akamsukuma kidogo. Kinyozi akacheka, nami nikadhani yameisha. Nikamwambia shemeji nafasi ni yake, nisamehe.

Hakukaa. "La masikio ni kosa la kushoto na kulia," akasema. "Linaweza kumpata mtu. Lile la mpakani halikuwa kosa. Ulilitafuta."

Akaielekezea amplifaya kidole.

"Unajua kwa nini niliibeba hiyo? Unadhani ni kwa kupenda besi yako? Dada ndiye aliniambia. Alinivuta pembeni, mnashusha mizigo, akasema, kaka, huyu bila chombo atakaa anaangalia barabara mpaka afe, chukua chake. Nikamwambia, na changu? Akasema, wewe utapiga hata meza." Alimtazama mkewe. "Na nimepiga meza. Mpaka mwezi huu."

Akachukua mwavuli. Kigoda alikiacha.

26 Novemba

Mke wangu ana miaka sita kaburini na hakuwahi kuniambia.

27 Novemba

Mvua inapungua. Nimeirudishia besi valvu yake ya zamani, upande wa kulia. Kikwaruzo kimerudi.

30 Novemba

Nimempigia yule kijana wa ukumbini. Niliomba kwanza nafasi ya nne, nikajua jibu kabla hajalitoa. Basi nikamwambia: anakuja mpiga solo, anakuja mwimbaji, anakuja mpiga ngoma. Tafuteni kijana wa besi. Amplifaya itakuja.

"Lakini mzee, besi ndiyo..."

"Ni amplifaya," nikasema. "Nayo inakuja. Msifungue nyuma yake."

2 Desemba

Shemeji amekuja kwangu, hajaja tangu mazishi ya dada yake. Amekataa.

"Sitaki kulipwa safari kwa sababu umeona haya."

"Silipi. Nimeona haya, hilo kweli. Lakini nikienda mimi, nitasimama pale kama mtu aliyeitunza ile sauti. Wataniuliza. Nami nitawajibu, shemeji, najijua. Nitasema vizuri, nao wataamini, na Kasuku atarudia."

Alicheka kwa pua, hakutaka.

"Wewe wakikuuliza utasemaje?"

Alifikiri. "Nitasema ilikuwa nzito."

Alikunywa chai yote. Alipokuwa anawaza alianza kupiga vidole mezani, taratibu, mkono wa kushoto ukitangulia. Nadhani hakujua. Sikusogea mpaka alipomaliza.

9 Desemba

Tumeifunga. Nilitoa valvu zote, kubwa na ndogo, nikazivingirisha kila moja katika soksi. Juu ya ubao wa nyuma nimeandika kwa kalamu nene: HUKU NI NYUMA. Kinyozi ameona, amecheka mpaka ameketi. Shemeji alileta mablanketi mawili, akayakunja mara nne, akalaza sanduku juu yake. Alipoliinua kulipima akashika bega lake la kulia, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ndilo bega lililo chini kuliko lingine. Limekuwa hivyo miaka yote.

Yale maneno ya mpakani hajanisamehe. Ananiita shemeji kama zamani, lakini hatanii. Ni haki yake, na sitamharakisha.

16 Desemba

Hakuna wingu. Niliwasindikiza mpaka mlango wa kioo ambao asiyesafiri hapiti. Kasuku alikuwa amevaa suti, Kinyozi alikuwa amewanyoa wote na bado ana nywele kolani. Mke wa shemeji alimrekebisha mumewe ukosi, akanirushia mimi: "Na wewe usituvalie huo uso mpaka warudi." Ndiyo salamu ya kwanza ya utani tangu Novemba.

Shemeji alinipa mkono. Nilitaka kumwambia amwambie mtu fulani kitu fulani, nikakosa mtu. Wote niliokuwa nawawazia wana umri wa wakati nilipoondoka.

"Haya, shemeji," akasema.

"Haya."

Sanduku lilipita kwenye mkanda, likazama nyuma ya pazia la mpira. Shemeji alilifuata kwa macho mpaka mwisho. Kisha akapita mlangoni.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Amplifaya imerudi, na aliyeibeba amerudi nayo. Mimi sitarudi.